Ila Mzazi Aape

Maji yalikatwa Jumatatu, na mswada ukapangwa kujadiliwa bungeni Alhamisi. Kwa watu wengine hayo ni mambo mawili yasiyojuana. Katika nyumba ile ya vyumba vitatu, yenye wanawake wawili na jina la mwanamume kwenye kila karatasi, yalikuwa jambo moja.

Mwenye jina alikuwa fundi wa minara ya simu. Miaka minne na miezi miwili nyuma alitoka asubuhi na mkoba wa vifaa, akasema anakwenda kutengeneza mnara mikoani na atarudi Ijumaa. Ijumaa zimepita nyingi. Hakuonekana yeye, haukuonekana mwili, na simu yake ikawa haipatikani. Aliacha mke na mama yake mzazi. Mtoto hawakujaliwa.

Kampuni ya maji ilikuwa inabadilisha mita zote za mtaa, na kila mwenye mita alitakiwa kusaini mkataba mpya. Jumanne mke alipanga foleni kuanzia asubuhi.

"Mwenyewe aje asaini," alisema karani wa dirishani.

"Mwenyewe hayupo."

"Amesafiri?"

"Hajulikani alipo."

"Kama amefariki, lete cheti tubadilishe jina. Kama yupo, aje."

"Na kama hajulikani?"

Karani aliitazama kompyuta yake kwa nia njema kabisa. Hakukuta mahali pa kubonyeza. "Dada, mimi nina yupo na nina marehemu," alisema. "Hiyo ya katikati sina." Mtu wa nyuma kwenye foleni akaguna kicheko, si kwa ubaya, akasogea mbele.

Ya katikati ndiyo aliyokuwa akiishi. Kikundi cha wajane cha mtaani kilimwambia kwa upole kwamba bado hajafikia. Wake wenye waume nao, akiingia, walikuwa wanahamisha mazungumzo kwenye hali ya hewa. Kazini, fomu ya taarifa za mtumishi ilikuwa na visanduku vinne: hajaolewa, ameolewa, ameachika, mjane. Alichora kistari kati ya viwili, fomu ikarudishwa. Sheria ilitaka miaka saba ipite ndipo mahakama imtangaze mtu kuwa amekufa. Mswada wa Alhamisi ulitaka iwe mitatu.

Na yeye alikuwa mmoja wa wale ambao wangeuandika mjadala huo, kwa sababu kazi yake ilikuwa mwandishi wa Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge.

Alhamisi asubuhi alirudi na ndoo mbili kutoka kwa jirani, akamkuta mama mkwe ameshaamka, mguu wake mbovu umewekwa juu ya kigoda.

"Leo mnajadili nini huko?" aliuliza mama mkwe.

"Mambo ya sheria tu, mama."

"Nitawasha redio nikusikie."

"Mama, nimekwambia mara ngapi, mimi sisikiki. Mimi ndiye ninayewasikia wao."

"Najua, mwanangu. Lakini mbunge akikohoa, mimi nimesikia na wewe umesikia. Mchana wote huu nyumba kimya, angalau tunakuwa pamoja."

Mwandishi aliosha uso kwa kata moja ya maji. Alitaka kumwambia, akashindwa. Miezi mitatu nyuma kamati ya Bunge ilipoomba maoni ya wananchi, alikaa mchana mmoja wakati wenzake wamekwenda kula, akaandika barua ya ukurasa mmoja. Katibu wa kamati alimwahidi kwamba jina halitatajwa. Nyumbani hakusema neno, maana kusema miaka mitatu inatosha, mbele ya mama yule, ni sawa na kumwambia amzike mwanawe akiwa mzima.

"Mwanangu yu hai," mama mkwe alikuwa akisema kila alipoulizwa, bila kulia, bila kutikisa kichwa. Majirani walimheshimu kwa hilo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema, wakamwachia imani yake.

"Ule uji kabla haujapoa," alisema mwandishi, akachukua mkoba wake.

"Na wewe usichelewe kurudi," alijibu mama mkwe.

*

Chumba cha Hansadi kiko chini ya ukumbi wa Bunge na hakina dirisha. Waheshimiwa wakigonga meza juu, vikombe vya chai hutetemeka chini, na ndivyo waandishi wanavyojua kwamba hoja imekolea. Wako sita. Kila mmoja hupewa dakika kumi za sauti, na anayefuata hupewa kumi zake, kwa hiyo hakuna anayeujua mjadala ulivyoanza wala ulivyokwisha. Mguu wa kulia hukaa juu ya pedali: ukikanyaga, sauti inakwenda, ukiachia, inasimama. Waliozoea sana, hata mtu akiwaongelesha haraka njiani, mguu hutafuta pedali.

Hansadi huandika yote yanayosikika. Wakipiga makofi, unaandika makofi ndani ya mabano. Wakicheka, unaandika kicheko. Wabunge wenyewe waandishi waliwapa majina yao ya chini kwa chini, maana ukimsikiliza mtu masikioni miaka kumi na miwili unamjua kuliko mkewe. Kulikuwa na Redio, ambaye hazimiki. Kulikuwa na Mzee wa Ila, ambaye huunga mkono kila kitu halafu akaongeza "ila".

Zamu ya mwandishi ilianza na sauti ya mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mtaratibu anayesoma kama anawasomea watoto.

"Mheshimiwa Spika, Kamati ilipokea barua nyingi. Naomba ninukuu moja. 'Mume wangu ni fundi wa minara ya simu. Aliondoka asubuhi na mkoba wa vifaa akaniambia atarudi Ijumaa. Kila ninapokwenda naulizwa kama nina mume, na sijui nijibu nini. Silalamikii mali. Naomba miaka iwe mitatu, ili kama ni kulia nilie, na kama ni kusubiri niache.'"

Mguu uliachia pedali. Wenzake watano waliendelea kugonga vibonye.

Jina halikutajwa. Katibu alitimiza ahadi yake neno kwa neno. Lakini kwa mtu aliyemzaa fundi na kumfungia mkoba wake siku ile, jina lilikuwa la nini? Mwandishi alijua kwamba sauti aliyokuwa akiisikia ilikuwa ya robo saa iliyopita. Nyumbani, kwenye redio iliyo juu ya kabati la vyombo, barua ilikuwa imeshasomwa. Akaona aibu, tena aibu ya mtu mzima. Hakuna aliyemtazama. Akakanyaga pedali.

Baada ya mwenyekiti alisimama Redio.

"Mheshimiwa Spika, mimi nina wasiwasi. Wanaume wengine hawajapotea, wamejipoteza. Wamechoka. Sasa umemtangaza mtu marehemu, cheti kimetoka, kesho unakutana naye sokoni ananunua vitunguu. Utamsalimiaje? Marehemu, habari za asubuhi?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hata mwandishi mdomo ulimcheza, kwa sababu Redio alikuwa anajua kuchekesha, Mungu amsamehe.

"Na huyu mama wa barua, Mheshimiwa Spika, tusimlaumu. Labda ana mwingine ameshasimama mlangoni, anasubiri cheti tu."

Walicheka tena, muda mrefu zaidi. Kulikuwa na sauti za wanawake ndani ya kicheko kile, alizitambua mbili. Mtu aligonga meza. Spika mwenyewe alisikika akivuta pumzi kabla ya kusema, "Mheshimiwa, changia hoja."

Mwandishi aliandika maneno ya Redio kama yalivyosemwa. Cha kwanza alikiandika: kicheko, ndani ya mabano. Cha pili hakukiandika. Alipitisha sentensi ikafuatiwa na maneno ya Spika kana kwamba ukumbi mzima ulinyamaza kwa heshima. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kuacha hata kikohozi. Akautuma ukurasa kwa mhariri kabla hajabadili nia.

*

Mhariri aliitwa Nukta kwa sababu alikuwa anaweza kurudisha kurasa tisa kwa ajili ya nukta moja. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, hana mke, hana redio nyumbani. Alikuja na karatasi mkononi, akaiweka mezani bila kelele.

"Hapa wamecheka," alisema.

"Sikusikia."

"Sekunde tisa. Nimezihesabu."

"Basi zimenipita."

Nukta alibaki amesimama. "Wewe hazikupiti," alisema. "Kama umeona wamemwonea yule mama, hata mimi nimeona. Lakini ukikifuta kicheko umewasaidia wao, hukumsaidia yeye. Kesho watu wakisoma watasema Bunge lilimsikiliza kwa adabu."

Mwandishi alifungua ukurasa, akaweka mabano, akaandika neno.

"Unamfahamu?" aliuliza Nukta.

"Nani?"

"Aliyeandika barua."

"Hapana, mzee," alisema mwandishi, na aliposema hivyo alijisikia mpweke kuliko siku ile alipotoka kituo cha polisi na namba ya jalada. Nukta alichukua karatasi yake akaondoka.

Wakati wa chakula cha mchana hakwenda kula. Alisimama kwenye ngazi za nyuma, akapiga simu nyumbani. Iliita mpaka karibu ikatike.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Mguu unaendeleaje?"

"Upo."

Alisikiliza kama nyuma kuna sauti ya redio. Hakukuwa na kitu. "Mama, leo uko kimya."

"Wewe fanya kazi, mwanangu," alisema mama mkwe. "Tutaongea ukirudi." Akakata yeye kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

*

Kifungu cha sita, chenye miaka mitatu, kilifikiwa saa tisa alasiri. Hakikuangukia zamu yake. Kiliangukia kwa mwenzake wa meza ya pembeni, dada mnene mcheshi aliyekuwa anatafuna karanga huku akichapa. Mwandishi alikaa na hedfoni shingoni, akimtazama vidole.

"Imepita," alisema yule dada baada ya muda, bila kugeuka. "Miaka mitatu. Waliosema siyo walikuwa wanne au watano tu."

Mwandishi alishika ukingo wa meza. Furaha ilimjia ghafla, naye hakuwa na mtu wa kumpa. Yule dada hakujua, Nukta hakujua, ndugu zake mwenyewe walishaacha kuuliza. Alifikiria mahakama, cheti, kisanduku kimoja chenye alama katikati, mita ya maji yenye jina lake. Alifikiria kwamba sasa anaweza kulia kwa haki.

"Ila Mzee wa Ila naye hakukosa," aliendelea yule dada.

"Amefanya nini?"

"Njoo usome."

Alisoma kwenye kioo cha mwenzake. Mzee wa Ila alikuwa amesema hana tatizo na miaka mitatu, ila sheria isiwape watu mwanya, kwa hiyo pale ambapo mzazi wa aliyepotea yu hai, mzazi huyo aape kwanza mahakamani kwamba tangu mwanawe aondoke hajapata habari zake. Waziri, ambaye alitaka kifungu kiishe, akasema Serikali haina kipingamizi. Spika akauliza wanaoafiki, wakasema ndiyo. Kuanzia "ila" hadi ndiyo zilipita sekunde arobaini na tano. Mzee wa watu alikuwa na nia njema, na pengine alikuwa na njaa.

"Kama mzazi ni mkorofi?" aliuliza mwandishi.

"Basi mke asubiri miaka saba kama zamani," alisema yule dada, akampa karanga. "Chukua. Mbona umepauka hivyo?"

*

Alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Redio ilikuwa imezimwa. Mama mkwe alikuwa jikoni, mbele yake sinia ya mchele, mchele wenyewe nusu umechambuliwa na nusu bado, kama ulivyoachwa tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa kwenye kigoda cha pili. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa hakuona hata moja lililofaa kuanza.

"Barua ilikuwa yako," alisema mama mkwe.

"Ilikuwa yangu. Nisamehe, mama. Ningekwambia."

"Wamekucheka."

"Wamecheka."

"Nimewasikia. Nilitaka kuitupa redio, nikakumbuka na wewe uko huko chini umefungwa masikio unasikia hayo hayo." Alichukua chuya moja kutoka kwenye sinia, akaliweka pembeni. "Nikaizima. Alasiri nikaiwasha tena, nikasikia la kiapo."

"Mama, sikulazimishi." Mwandishi alizungumza haraka, asije akakatishwa. "Najua ni kama kumzika kwa mdomo wako. Najua unaamini yu hai, na mimi sijawahi kukubishia, siku hata moja. Lakini mimi nina miaka arobaini na mmoja. Nikienda dirishani naambiwa mwenyewe aje. Naomba useme tu kwamba hujapata habari zake. Hutasema amekufa. Utasema hujapata habari, basi. Hilo si ni kweli?"

Mama mkwe alikuwa amelitazama lile chuya.

"Mama?"

"Nina miaka sitini na tisa," alisema mama mkwe. "Sijawahi kuapa uongo."

Nje mtu alipita akisukuma toroli. Mwandishi alisubiri mpaka magurudumu yakapotea, na mguu wake wa kulia, bila yeye kuuambia, ukainuka kidogo kutoka sakafuni.

"Sema tena," alisema.

"Alipiga simu. Mwaka juzi, mwezi ule niliovunjika mguu. Wewe ulikuwa kazini. Alisikia kwa mtu kwamba nimeanguka."

"Alipiga."

"Mara moja tu. Alisema yu salama, anafanya kazi zake. Akaniambia nisikwambie kwanza, mpaka ajipange."

"Yuko peke yake?"

Mama mkwe alifunga macho. "Ana nyumba huko. Nilisikia mtoto akimwita."

"Mtoto mkubwa?"

"Alisema ndiyo ameanza shule ya awali. Alisema ana miaka mitatu."

Hesabu haikuwa ngumu. Mwaka juzi, miaka mitatu. Fundi alikuwa ameondoka miaka minne iliyopita. Mwandishi aliifanya mara mbili, kama anavyorudia sauti isiyosikika vizuri, na mara zote mbili mtoto alizaliwa wakati baba yake angali anakula meza moja na yeye katika jikoni hili na kulalamika kwamba chumvi imezidi.

"Miaka miwili, mama," alisema. "Miaka miwili umeniacha niende vituo vya polisi. Nimekwenda mochwari. Nimefunuliwa watu."

"Najua."

"Ulikuwa unanifungulia mlango nikirudi. Unaniuliza, umemwona?"

"Najua, mwanangu."

"Kwa nini?"

Mama mkwe alisema yote kwa pamoja bila kumtazama. "Nilianza kukwambia mara nyingi. Kila siku nilisema leo. Halafu nikawaza, akijua atafungasha, na nani atamlaumu? Wewe si damu yangu. Mjukuu hatukupata. Ningekuzuia kwa lipi? Mume aliyepotea ndiye aliyekuweka hapa. Mume aliyekuacha asingekuweka hata wiki. Mwanangu aliniacha mimi pia. Sikutaka niachwe mara mbili."

Mwandishi aliinuka. Alikwenda mpaka chumbani, akasimama mbele ya kabati la nguo, akalifungua upande wa mume. Mashati sita yalikuwa yamepigwa pasi. Alikuwa akiyapiga pasi kila baada ya miezi michache ili yasishike uvundo. Alihisi hasira, halafu akahisi ujinga, halafu akahisi kitu kibaya zaidi ya hivyo viwili: hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumweleza jambo hili akamwelewa, isipokuwa yule bibi aliyekaa jikoni. Akalifunga kabati. Akarudi.

Mama mkwe alikuwa hajasogea.

"Kesho ni Ijumaa," alisema mwandishi. "Mahakama zinafunguliwa. Sitaomba cheti cha kifo. Nitaomba talaka. Utakuja na utaapa, mama, lakini utaapa haya uliyoniambia sasa hivi. Simu ilivyopigwa, na mtoto, na kila kitu."

"Nitakuja."

"Hata neno moja usipunguze."

"Sitapunguza." Bibi yule alishika mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akaushusha sakafuni taratibu, kana kwamba safari ilikuwa inaanza saa ile. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua, "Ukishapewa talaka, utaondoka?"

Mwandishi alimtazama. Alitafuta ndani yake jibu la kumuumiza, akalikuta lipo, tena lilikuwa la kweli nusu. Alitafuta la kumfariji, nalo lilikuwa la kweli nusu.

"Sijui, mama," alisema.

Ndipo bibi yule alipoanza kulia, kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Hakulia kwa lile la sijui, alikuwa amelitegemea. Alilia kwa sababu alikuwa ameitwa mama, na tangu asubuhi, barua iliposomwa, alikuwa amekaa na sinia ile mbele yake akijizoeza kuishi bila kuitwa hivyo.